Majina Yasiyoandikwa Daftarini

"Anza tena," alisema Abdihafid bila kufumbua macho.

Nilianza tena. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, nimeketi mkekani kwenye ua wa shemeji yangu huyo, huko Masalani, miguu nimeikunja upande kama msichana wa darasa la kwanza, na majina ya watu, wengi wao waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, yalikuwa yakiniteleza mdomoni kama sabuni. Sagal, Abdisalam, Warsame, Guhad, Rooble. Hapo nilikwama. Ng'ambo ya ua, mikoma ilielea katika mvuke wa joto, na nyuma yake Mto Tana ulipita polepole, mwekundu, ukibeba vijiti na povu, bila kumngoja mtu yeyote akumbuke.

"Gedi," mjukuu wangu Sagal alininong'oneza.

"Huo ni wizi wa mtihani," alisema mzee.

Mkewe, Fatumo, alicheka jikoni. "Mpe chai kwanza. Hata serikali humruhusu mtahiniwa anywe maji."

Nilifundisha Kiswahili mjini Garissa kwa miaka thelathini na minane. Wanafunzi wangu walifika darasani na Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha madrasani na Kiingereza cha vitabuni, nami niliwadai lugha ya nne, nikaidai ikiwa imenyooka. Sikuwahi kumcheka mtoto aliyekosea, ila sikumwacha akae kabla hajasahihisha. Nyumbani kwangu sheria ilikuwa hiyo hiyo. Sagal, niliyemlea tangu alipofiwa na babake akiwa na umri wa miaka minne, alijifunza ngeli tukitembea kwenda sokoni, kwa wimbo niliomtungia mwenyewe. Kisomali alikiokota uani kwa majirani, kama mtoto anavyookota vifuniko vya soda.

Nilikuwa na sababu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilimwona baba yangu akiketishwa juani tangu asubuhi hadi alasiri, kwa kuwa askari alimwuliza swali kwa Kiswahili naye akajibu kwa maneno yaliyovunjika. Hakupigwa. Aliketi tu, kofia mapajani, nami nilijua alichokusudia kusema lakini sikuwa na lugha ya kumsaidia. Siku hiyo niliamua kwamba hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekosa jibu.

Basi fikiria nilivyosimama kwa fahari mlangoni mwa ukumbi siku Sagal alipoitwa mbele ya jopo la wazee kuomba kitambulisho. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu, na chuo kilitaka namba ya kitambulisho kabla ya muhula kuanza. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimetolewa kwa kuchelewa, maana alizaliwa kwenye malisho upande wa Eldas, mbali na hospitali. Kwa hiyo wazee walitaka kusikia kutoka kinywani mwake. Alijibu kila swali kwa sentensi ambazo ningeweza kuziandika ubaoni bila kubadilisha nukta.

Mzee Kerrow, mtu wa Ijara nisiyemfahamu, alimsikiliza hadi mwisho, akapangusa miwani.

"Binti, wewe naongea kama redio," alisema. "Lakini redio haina baba. Hebu nihesabie."

Alikuwa akimtaka ataje abtirsi: ukoo wa baba, jina kwa jina, kurudi nyuma hadi kumbukumbu inapokoma. Mtoto wa Kisomali huufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sagal alitaja jina la babake, la babu yake, na la babake babu yake. Kisha akanigeukia mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona kwamba mimi pia sikuwa na jibu.

"Wewe, Mwalimu, tunakujua," Mzee Kerrow aliniambia. "Huyu hatujui ni wa nani. Mlete mzee wa upande wa babake, na mtoto aje akihesabu. Tutakaa tena baada ya siku kumi na mbili."

Baada ya kikao hicho jopo lisingeketi tena hadi mwaka mwingine, na nafasi ya chuoni isingemngoja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. "Bibi," aliuliza, "mbona hili hukunifundisha?"

Nilimjibu kwamba hayo ni majina ya wafu, na wafu hawana kazi na walio hai. Nilikuwa nimekosea, tena kwa sentensi iliyokamilika.

Mzee pekee aliyebaki upande huo alikuwa Abdihafid, kaka wa marehemu mume wangu Warsame, ambaye hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu kwa miaka ishirini na miwili. Kosa lilikuwa langu. Katika mkutano wa wazazi alisimama kutoa hoja. Nilimsahihisha neno la kwanza, nikamsahihisha la pili, na nilipomsahihisha la tatu watu wakacheka, naye akaketi. Mwaka huo huo alihamia Masalani kulima migomba kando ya mto.

Tulipofika, hakuniuliza kilichonileta. Alimtazama Sagal kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Mtoto sifundishi," alisema kwa Kiswahili, makusudi. "Mimi nafundisha wewe, Mwalimu. Wewe ndio utafundisha yeye, kama ile mambo ingine yote."

Nilitoa daftari na kalamu. Akatikisa kichwa.

"Weka hiyo. Karatasi inaloa."

Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi. Asubuhi tulimfuata kwenye mifereji ya migomba, yeye mbele na jembe begani, akitupa jina moja kila alipofungua maji. Hakuyataja majina matupu. Rooble alizaliwa mvua ikinyesha baada ya miaka miwili ya ukame, na mkunga alipomtoa nje ya hema, watu walikuwa wakicheza topeni na hakuna aliyemtazama. Gedi alizaliwa safarini. Ngamia walisimamishwa kwa muda wa kuchemsha chai, kisha msafara ukaendelea ukiwa na mtu mmoja zaidi. Hirsi alikuwa mchoyo, na Abdihafid hakumtetea. "Babu ni babu," alisema. "Hatuchagui kama mbuzi."

Adhuhuri, joto lilipotulaza sote, majina yaliendelea kutembea bila mimi. Nilikuwa nikisinzia mkekani na kuwaona wakipita ukingoni mwa mto kwa mstari mmoja, kila mmoja ameweka mkono begani mwa aliye mbele yake, nguo zao nyeupe zikipepea mahali pasipo na upepo. Sikuziona nyuso zao. Niliwatambua wawili tu. Mume wangu alitembea kama alivyotembea siku zote, akiburuta ndara ya kushoto. Mwanangu Abdisalam ndiye aliyekuwa wa mwisho, na begani mwake hapakuwa na mkono wa mtu, kwa sababu aliyepaswa kumfuata alikuwa ameketi kando yangu akimenya ndizi.

Kwa miaka kumi na minne sikuwa nimelitamka jina la mwanangu. Nilisema "babake Sagal", au nilisema "marehemu". Na sasa kila nilipokosea niliambiwa nianze tena, na kila nilipoanza tena, baada ya Sagal alikuwa yeye. Abdisalam asubuhi, Abdisalam kabla ya chai, Abdisalam mara arubaini kwa siku, hadi jina likaacha kuniunguza, likawa na joto tu, kama kikombe kilichotoka kutumiwa.

Siku ya saba nilimwambia Abdihafid, kwa Kisomali changu kilichoota kutu, kwamba siku ile ya mkutano nilimkosea.

"Nilitaka kusema tuchimbe kisima cha shule," alijibu. "Mpaka leo ile maneno sijamaliza."

"Yamalize."

Akasimama. Akaegemea jembe, akakohoa, akawahutubia migomba yake kwa Kiswahili kuhusu kina cha maji, bei ya mabomba, na watoto wa kike wanaokosa masomo kwa ajili ya madumu. Hotuba ilikuwa ndefu, na ilikuwa na hoja. Tungemsikiliza, kisima kingepatikana miaka saba mapema. Fatumo alimpigia makofi kwa mwiko.

Siku nne za mwisho nilimfundisha Sagal, bila daftari, tukiwa tumesimama ndani ya maji ya mfereji hadi vifundoni.

Siku ya jopo, mlango wa ukumbi uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Niliketi kwenye benchi la nje. Abdihafid alikuwa ameingia, ametoa ushahidi wake, na amerudi kuketi pembeni yangu, fimbo kati ya magoti.

"Redio imerudi," nilimsikia Mzee Kerrow akisema.

"Imerudi, awoowe," alijibu Sagal, akimwita babu.

Akaanza. Aliyatamka majina ya Kisomali kwa sauti ya Kiswahili, kila silabi imekaa peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mzee mmoja alitabasamu. Sagal hakusimama. Guhad, Rooble, Gedi, Hirsi. Alipomtaja Shirwa, Mzee Kerrow aliinua kichwa. Alipomtaja Samatar, midomo ya mzee ilikuwa ikicheza. Na katika jina lililofuata nilisikia sauti mbili: ya msichana, na chini yake nyingine, nzito, yenye mikwaruzo, ikienda naye. Kuanzia jina hilo kurudi nyuma, Sagal na Mzee Kerrow walikuwa wa shina moja. Hakuna kati yetu aliyejua.

Karani, Mueni, mzaliwa wa Kitui, ambaye hakuelewa kama yale yalikuwa majina ya watu au ya visima, aliiondoa kalamu kwenye fomu akangoja. Waliendelea kurudi nyuma, jina baada ya jina, mbali kuliko Abdihafid alivyonifikisha, mzee akitangulia sasa na Sagal akiitikia. Mimi nilikuwa nimepotea zamani. Nilisikiliza tu.

Waliponyamaza, Mueni alivuta karibu kibao cha wino wa alama za vidole.

"Haya, mama," alimwambia Sagal. "Lete mkono wa kushoto. Tuanze na kidole gumba."