Lamar na Jaribio la Nne

Odessa Purifoy alikuwa mtu wa kanisa. Hatukani, hasengenyi, na jirani akimkosea humwombea. Lakini Jumamosi za vuli, akishakaa kwenye kiti chake katika uwanja wa Chuo cha Mount Ebal, ulimi ule ulibadilika. Na aliyeupata ukali wake alikuwa mtu mmoja tu, Lamar Stubblefield, kocha mkuu wa Fahali, timu ya chuo.

"Lamar, usibutue," alikuwa akianza hivyo, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Lamar mwanangu, nakuomba. Usibutue."

Lamar anabutua. Odessa anamgeukia mumewe, Thurman, aliyekaa pembeni yake na mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Umemwona? Umemwona huyo mwoga wako?"

"Nimemwona."

"Na bado unakula karanga."

Kosa la Lamar lilijulikana Harmon Springs nzima, na pengine Mississippi nzima. Katika mpira wao, ule wa kubebwa mikononi, timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Likishindikana la nne, wapinzani wanauchukua mpira pale pale ulipoangukia. Ndiyo maana kocha mwangalifu, jaribio la nne likifika, huamuru mpira ubutuliwe mbali, adui aanzie nyuma kwao. Hapo hakuna wa kumlaumu. Ila Lamar alibutua hata pale palipobaki urefu wa kiatu. Alibutua akiongoza, alibutua akiwa nyuma pointi ishirini. Kinyozi wa mtaa wa Posta alisema Lamar alipokwenda kuposa, alifika getini, akalibutua shada la maua ndani ya ua wa wakwe, akarudi kwao kusubiri majibu.

Kilichomuuma Odessa ni kwamba Lamar alikuwa mtu wao. Alikuja Mount Ebal akiwa na miaka kumi na minane, mrefu, miguu kama ya korongo, na Odessa ndiye aliyekuwa akigawa chakula katika bwalo la chuo. Alikuwa akimwekea sahani ya pili bila mtu kujua. Siku Lamar alipotangazwa kocha, Odessa alilia kwa furaha mbele ya redio. Misimu sita baadaye alikuwa bado analia, ila sababu ilikuwa imebadilika.

Thurman hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa fundi wa mapaa aliyestaafu, mtu mpole hadi anaudhi. "Mpe muda," alikuwa akisema. "Kuna mambo anayaona yeye ambayo mimi na wewe hatuyaoni."

"Yadi moja naiona vizuri sana, Thurman. Hata bila miwani."

Septemba hiyo, siku ya Jumapili, Thurman alikula chakula cha mchana, akatoka barazani kupunga upepo, akasinzia kwenye kiti chake, na hakuamka tena. Moyo, walisema madaktari. Odessa alisikia watu wakizungumza juu ya jeneza na maua na nyimbo, akaitikia kwa kichwa, na hakuna alichokishika.

Maziko yakafanyika Jumatano. Baada ya makaburini watu walirudi kanisani, wakateremka ukumbi wa chini, wakapanga mezani kuku wa kukaanga, mikate ya mahindi na pai za viazi vitamu. Odessa alikuwa amekaa pembeni na shemeji yake Rufus, mdogo wake Thurman, alipomwona Lamar akishuka ngazi. Alikuwa amenenepa siku hizi. Suti nyeusi ilimbana makwapani, na mikononi alibeba sinia la makaroni ya jibini lililofunikwa kwa karatasi ya foili. Ilikuwa saa ya mazoezi. Alikuwa ameyaacha mazoezi mikononi mwa wasaidizi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Pole sana, Bi Odessa."

"Nimeshapoa, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Rufus, mletee sahani."

Rufus akaenda. Lamar akakaa, akaitazama mikono yake, kisha akasema, "Nitamkosa sana siku za Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

Lamar akamtazama kama mtu aliyekanyaga pasipo pake. "Alikuwa akija mazoezini. Kila Jumanne, tangu nianze kazi. Hakukuambia?"

"Aliniambia anakwenda dukani kununua misumari."

"Alikuwa anakaa kwenye benchi, hasemi neno mpaka tumalize. Halafu ananiletea salamu zako."

"Mimi sijawahi kukutumia salamu."

"Yale uliyoyasema Jumamosi, Bi Odessa. Yote aliniletea. Ila alikuwa ameyalainisha." Lamar akaiga sauti nzito ya Thurman, ile ya taratibu. "'Bibi yangu anakusalimu. Anauliza kama umewahi kufikiria kutobutua.'"

Odessa akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa, watu wa meza ya pili wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili ile, na mwisho wake kikawa kilio, na Lamar akampa kitambaa chake na kungoja.

Alipojipangusa, Odessa akasema, "Sasa hakuna wa kukulainishia. Itabidi nikuulize mwenyewe. Kwa nini unabutua?"

Lamar akakunja pembe ya kitambaa cha meza. Rufus alirudi, akaiweka sahani mbele yake, akaona nyuso zao, akakaa.

"Unakumbuka mchezo wa mwisho wa mwaka wangu wa pili chuoni?" Lamar akauliza. "Jaribio la nne, yadi moja. Kocha Ambrose akanipa mpira mimi. Nikaangushwa. Tukapoteza, na wiki ile ile wakamfukuza. Nilimwona akipakia masanduku kwenye gari na wanawe wawili wamekaa ukutani. Akanipigia honi na kunipungia mkono. Hakuna aliyenilaumu, Bi Odessa. Hata mmoja. Labda wangenilaumu ingeisha."

"Na sasa hutaki kumpa kijana mwingine mpira ule."

"Ndiyo hivyo."

Odessa alikuwa amemlaumu mtu huyu kwa miaka, na hakuwahi kudhani kwamba woga ule ulikuwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akalivuta sinia la makaroni, akamwongezea juu ya yale aliyoletewa.

"Nikuambie kitu," akasema. "Vijana wale hawakuja hapa ili wakulinde wewe wala wewe uwalinde wao. Wamekuja kucheza. Ikibaki yadi moja, nenda. Wakikuzomea, niachie mimi."

"Wewe utawafanya nini?"

"Hilo si lako. Kula."

Jumamosi ya pili ya Oktoba ndiyo siku ya waliosoma chuoni kurudi kukitembelea, na tangu asubuhi moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda kwenye maegesho, bendi inapiga, mabibi wamevaa kofia za rangi za chuo. Odessa hakutaka kwenda. Rufus alimfuata nyumbani, akakaa jikoni kwake akinywa kahawa vikombe vitatu bila kumhimiza, mpaka mwenyewe akachukua koti. Kiti cha Thurman alikikalia Rufus. Kwa dakika chache za mwanzo Odessa hakuweza kugeuza kichwa upande ule.

Wapinzani walikuwa Larkin Bluff, chuo cha ng'ambo ya mto, na hao Fahali hawakuwa wamewafunga tangu Lamar ashike timu. Lakini siku hiyo mambo yalikwenda. Ikiwa zimebaki dakika mbili, Fahali walikuwa mbele kwa pointi tatu na mpira ni wao. Wakasukuma jaribio la kwanza, la pili, la tatu. Ikabaki chini ya yadi moja. Jaribio la nne, tena wakiwa upande wao wenyewe wa uwanja. Wakiipata ile nusu hatua, wanabaki na mpira na mchezo umekwisha. Wakiikosa, Larkin Bluff wanapewa mpira mlangoni.

"Atabutua," alisema Rufus. "Na leo hata mimi ningebutua."

Odessa alikuwa anamtazama Lamar, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Kisha Lamar akamwita mbutuaji wake arudi benchi. Uwanja mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Watu walisimama. Bendi ikanyamaza.

Mpira alipewa mkimbiaji, kijana mfupi mnene kutoka Yazoo. Akaenda katikati, kichwa mbele, na hapo katikati akakutana na mlinzi wa Larkin Bluff, pande la mtu, akasimamishwa kama aliyegonga mlango uliofungwa. Waamuzi wakaleta mnyororo wao wa kupimia. Haikutosha. Mara tatu tu Larkin Bluff waliugusa mpira, wakavuka mstari wa mwisho, wakapata pointi saba, wakashinda kwa pointi nne.

Jukwaa zima likazomea. Wale wale waliokuwa wakimwita mwoga miaka sita, sasa walimwita mwendawazimu. Nyuma ya Odessa, Dewey Gaither, muuza matairi, alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Si ubutue tu, jamani. Kocha gani asiyejua kubutua?"

Odessa akainuka, akageuka. "Dewey, shuka hapo."

"Lakini Bi Odessa, wewe mwenyewe kila wiki ..."

"Kila wiki namsema, ndiyo. Na wewe kila wiki unaniitikia. Leo amefanya tulichomwomba, basi nyamaza umpigie makofi. Halafu ujue, mimi ndiye niliyemwambia aende."

Safu tatu zikageuka kumtazama.

"Shemeji," Rufus akanong'ona, "hilo ungeliacha tu."

"Kwa hiyo tumfukuze Bi Odessa," sauti moja ikasema kutoka juu, na kicheko kikaanza huko, kikashuka safu kwa safu.

"Nifukuzeni," akasema Odessa. "Hamnilipi hata senti." Akageukia uwanja na kuanza kupiga makofi, peke yake mwanzoni, kisha Rufus, kisha mama mmoja mwenye kofia, kisha wengine wachache. Hawakuwa wengi. Huko chini Lamar hakuwaona. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi karibu na yule kijana wa Yazoo, mkono shingoni mwake, anamwambia jambo, na alikaa naye hivyo mpaka timu zote mbili zikaondoka.

Odessa alikutana naye wiki iliyofuata katika supamaketi, kwenye rafu za vyakula vya mikebe. Watu waliokuwa wakiingia njia ile walimwona Lamar, wakakumbuka wanachohitaji kiko kwingine.

"Watakufukuza?" Odessa akamuuliza bila kusalimia.

"Labda. Msimu ukiisha."

"Kijana wako yukoje?"

"Anacheka. Jana kaniomba nimpe tena."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Kwenda ulikwenda, na nakushukuru. Lakini kwa nini katikati? Pale palijaa watu. Ungekwenda kushoto."

Lamar akashusha pumzi, akavua kofia. Akaanza kuchukua mikebe na kuipanga kwenye rafu tupu: maharage ni Fahali, mahindi ni Larkin Bluff. Kwa yule mlinzi pande la mtu akaweka chupa kubwa ya achari ya matango. Mkimbiaji akawa kopo dogo la nyanya. "Haya. Mpeleke kushoto."

Odessa akalisukuma kopo kushoto. Lamar akasogeza chupa, akaliziba.

"Basi kulia."

Akaliziba.

"Azunguke nyuma."

"Nyuma huku, mahindi wawili wanamngoja."

Odessa akajaribu tena, na tena, na kila alikopita chupa ilimfuata. Akasimama mkono kiunoni, midomo imekaza. Hakuwahi kuiona yadi moja ikiwa na watu wengi namna ile.

"Kwa hiyo ungebutua," akasema Lamar.

"Hilo hutanisikia nikilisema."

Mama mmoja mwenye toroli alikuwa amesimama nyuma yao kwa muda, haelewi kinachoendelea. "Samahani," akasema. "Nilikuwa nataka achari, na naona mnayo ya mwisho."

Lamar akaitazama chupa, akamtazama Odessa, akaichukua na kumpa yule mama kwa mikono miwili. Mama akashukuru na kwenda zake.

Upande wa kushoto ukabaki wazi. Odessa akaweka kidole juu ya kopo la nyanya, akalikokota taratibu, likapita maharage, likapita mahindi, likafika mwisho wa rafu na kuvuka, na Lamar akalidaka kabla halijafika sakafuni.