Kosa Lililomponyoka Jicho

Waliompachika jina la Jicho hawakukosea. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa msoma prufu, mtu wa kusaka makosa katika maandishi kabla hayajachapwa, na katika miaka yote hiyo hakuna nukta iliyompita. Hata baada ya kustaafu aliendelea kuusumbua mtaa. Alisahihisha kibao cha kinyozi, akasahihisha tangazo la msiba wa jirani, na bintiye alipoolewa alirudisha kadi za harusi kwa mpigachapa mara tatu, mpaka bwana harusi akaanza kuhisi kwamba hatakiwi.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba *Ngazi ya Nyuma* imepata kitabu cha pili, wapenzi wa kitabu kile walijua mapema nani ataumbua makosa yake yote.

*Ngazi ya Nyuma* ilikuwa riwaya ya upelelezi ambayo baba aliisoma, akamwachia mwana naye akaisoma. Mzee mwenye kiwanda cha uchapaji anakutwa asubuhi amekufa chini ya ngazi za nyuma. Miwani yake imepondekapondeka kwenye ngazi ya tatu, na mpelelezi anafuata vipande vile vya kioo mpaka kwa mtunza stoo, aliyekuwa na ufunguo wa mlango. Mwandishi wake, ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi kuficha kwamba kisa alikichota mjini hapohapo. Mzee mwenye kiwanda alikuwepo kweli, na mtunza stoo alifungwa kweli, akafia gerezani mwaka wake wa sita.

Jambo ambalo marehemu hakulijua, na ambalo Jicho hakumwambia hata mkewe mpaka akamzika, ni kwamba jioni ile mzee alipokufa, mtunza stoo alikuwa keshakwenda kwake. Aliyebaki na mzee kule juu kiwandani alikuwa kijana mmoja msoma prufu, na kijana huyo ni Jicho mwenyewe.

Ndiyo maana alijiunga na chama cha wasomaji siku ileile kilipoanzishwa. Alitaka kuwa karibu na kitabu kile asikie watu wanasema nini. Kila mwezi, Jumamosi moja mchana, walikutana kwenye karakana ya fundi cherehani, mwenyekiti wao, wakabishana kama kweli mtunza stoo ndiye aliyeua. Na katika ubishi huo hakuna aliyemkandamiza mtunza stoo kama Jicho. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na aibu yake aliizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Sasa gazeti likaandika kwamba binti mmoja asiyejulikana ametunga muendelezo, na ndani yake mtunza stoo hana hatia. Jicho alikinunua kitabu siku hiyohiyo. Mara ya kwanza hakukisoma kama msoma prufu. Alikisoma kama mshitakiwa anayesomewa mashitaka, hali wala halali sawasawa, mpaka akafika mwisho. Muuaji alikuwa mdogo wake marehemu mzee, mtu wa kubuni kabisa, ambaye hapa duniani hakuwahi kuzaliwa. Jicho alishusha pumzi ndefu, akacheka peke yake jikoni. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kurudi ukurasa wa kwanza. Alifanya kazi kwa furaha aliyokuwa ameisahau. Alipomaliza, alikuwa na makosa arobaini na matatu.

Utaratibu wa chama ulikuwa hivi. Kikija kitabu cha namna hiyo, kila mtu huandika kwenye karatasi mahali kinapogongana na kitabu cha kwanza. Karatasi yako husomwa na mwenzako, usije ukachomekea la kwako baada ya kusikia ya wengine. Mwenye makosa mengi ndiye mshindi, na Jicho hajawahi kushindwa.

Jumamosi hiyo walikuta mgeni. Binti mwandishi mwenyewe alikuwa amemwandikia fundi cherehani kwamba angependa kuja kuyasikia makosa yake kwa masikio yake, na kweli alikuja. Alikuwa mwembamba, mpole, akampa kila mtu shikamoo yake, akakaa mwisho wa meza ya kukatia vitambaa. Jicho alimwonea huruma. Mtoto wa watu hajui yaliyomo kwenye karatasi yangu, alijisemea.

Ubishi ulianza kabla hata viti havijatosha. Fundi cherehani alisema kazi ya marehemu ingeachwa ilivyo. Ukitaka kuunga mkono kwenye gauni la mwenzio, alisema, angalau tafuta kitambaa kinachofanana. Mfamasia alikuja juu. Yeye tangu zamani habari ya mtunza stoo haikumwingia akilini, maana mtu gani aue kisha arudi asubuhi kufungua mlango na kupiga yowe? Jicho alimjibu kwamba wauaji wajanja hufanya hivyohivyo, jibu alilokuwa amelitoa mara mia. Binti mwandishi alimtazama kidogo, akainamisha macho.

Ndipo muuguzi alipoingilia. Muuguzi alikuwa binti pekee wa Jicho, na ukali wa macho aliurithi kwa baba yake. Alisema kitabu kina moyo, hilo hakatai, ila mwandishi hakukisoma cha kwanza kwa makini. Mtu aandike muendelezo halafu asahau miwani?

Karakana nzima ilicheka. Jicho naye alicheka, kisha akajiuliza ni miwani gani.

Karatasi zilianza kusomwa. Ya fundi cherehani ilikuwa na makosa tisa, na la kwanza kabisa lilikuwa ukurasa wa tisini, miwani. Mfamasia alikuwa na kumi na manne, na yeye pia alianza na miwani. Muuguzi aliipigia mistari miwili. Ukurasa wa tisini, mtunza stoo anaukuta mwili asubuhi, na miwani ya mzee iko mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri, imefungwa kwenye kitambaa. Inawezekanaje, na kila mtu anajua ilipondeka kwenye ngazi ya tatu? Si imechorwa hata kwenye jalada?

Ukurasa wa tisini Jicho alikuwa ameusoma, tena mara mbili. Aliikumbuka sentensi yenyewe. Aliipita kama mtu anavyolipita jina lake mwenyewe, kwa sababu haikuwa na kosa. Ndivyo ilivyokuwa. Miwani ilianguka pamoja na mzee na haikuvunjika, naye aliteremka akaiokota, akaikunja, akaifunga, akamwekea mzee wake mfukoni. Ile ya kupondeka ilikuwa chumvi ya marehemu mwandishi. Katika miaka yote ile hakuwahi kuiona akilini imepondeka.

Na karatasi yake ilikuwa tayari mikononi mwa bintiye.

Muuguzi alisoma kwa sauti ya majivuno, moja baada ya jingine, mpaka la arobaini na tatu. Akageuza karatasi nyuma. Akarudi mbele, akipitisha kidole.

"Baba, miwani hukuiandika?"

Fundi cherehani alipiga makofi. Akasema leo ni leo, Jicho limeingia mchanga, na mfamasia akamwahidi matone ya bure. Muuguzi hakucheka. Haraka haraka alieleza kwamba baba yake amebadilishiwa dawa za presha, zinamchosha, kuna kurasa amezisoma akisinzia. Jicho alitikisa kichwa kukubali.

Binti mwandishi aliomba aione karatasi. Aliisoma bila haraka.

"Namba thelathini na moja, mzee," alisema. "Umeandika kwamba nimehesabu ngazi kumi na moja, na ziko kumi na mbili. Hiyo ni mistari minne chini ya miwani. Kwa hiyo hukusinzia."

Nje watu walikuwa wakipita na mizigo yao kama kawaida.

"Nimekwenda kwenye vyama vinne kama hiki," aliendelea. "Kote wanaanza na miwani. Kitabu cha kwanza nakijua kwa moyo, sikusahau kitu. Mtunza stoo ni babu yangu mzaa mama. Yeye ndiye aliyemkuta mzee, akaona miwani imefungwa mfukoni. Mahakamani hakuna aliyemuuliza habari ya miwani. Alimweleza bibi siku bibi alipokwenda kumtazama gerezani, na bibi akanieleza mimi."

Alimrudishia muuguzi karatasi.

"Chapa ya pili inaingia mtamboni wiki ijayo. Kama ni kosa, nitaliondoa, niweke vioo kwenye ngazi kama wote mnavyotaka. Itakuwa babu alisema uongo, basi, yaishe. Lakini niambie wewe, maana wewe ndiye Jicho."

Njia ilikuwa wazi. Neno moja tu, nilipitiwa, na kila mtu angeondoka salama. Chini ya meza muuguzi alikuwa ameweka mkono juu ya goti la baba yake, anambinya, kama anavyowabinya wagonjwa anapotaka watulie. Jicho alijua kwamba bintiye ameshaanza kuelewa. Alikusudia kulisema neno lile. Alifungua mdomo alitamke, akaiona sentensi ile inapigwa mstari mwekundu, sentensi pekee iliyowahi kuandikwa sawasawa juu ya jioni ile.

"Siyo kosa," alisema.

"Baba, nyamaza."

"Siyo kosa. Kitambaa kilikuwa cha bluu, cha kufutia wino. Alikuwa amenikaripia mbele ya watu, akaniita kipofu, kwa sababu ya prufu niliyoipitisha na makosa. Jioni nilimfuata ngazini nikaivuta ile karatasi mkononi mwake. Aliing'ang'ania. Nilipoiachia, akaenda chini."

Mfamasia aliinama kutazama sakafu. Fundi cherehani alikuwa ameshika mkasi na hajui auweke wapi. Binti mwandishi hakuandika chochote wala hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya meza, kama mtu aliyefika mwisho wa safari akakuta hakuna wa kumpokea.

Ni muuguzi aliyeuliza, na aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Na mtunza stoo, baba? Ulijua kwamba amefungwa yeye?"

"Gazeti lilikuwa linachapwa kwetu," Jicho alisema. "Habari zote za kesi ile zilipita mezani kwangu. Hata ya hukumu. Jina lake walikuwa wamelikosea. Nililisahihisha."

Muuguzi aliutoa mkono wake gotini kwa baba yake.