Sauti Iliyokuwa Nyuma ya Kaunta

Ukimwuliza mtu wa mji huu wapi pa kwenda kunywa kidogo na kusikiliza bendi, atakutajia kwanza ile hoteli ya ghorofani, ambako mpiga kinanda anawapigia watu wanaoangalia simu zao. Kisha atakutajia bustani ya barabara kuu, ambako spika ni kubwa kiasi kwamba bia inatetemeka kwenye glasi kabla hujainywa. Sisi atatutaja mwisho, tena akikuna kichwa, kwa sababu hatuna bango na mlango wetu umebanwa kati ya duka la vipuri na kibanda cha mshona mapazia. Sina kinyongo. Kwetu mtu huletwa na mtu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na akishaletwa mara moja hurudi mwenyewe.

Ndani hakuna makubwa. Kuna jukwaa lililoundwa kwa mbao za makreti, nguzo katikati ya chumba ambayo kila mgeni huilaani, na kaunta ndefu ya mbao iliyopauka kwa kufutwa. Kaunta ni yangu. Jukwaa ni la dada yangu na mumewe, shemeji yangu, ambaye hupiga gitaa na kusema maneno machache kuliko gitaa lenyewe.

Dada yangu wanamwita Kengele. Jina hilo alipewa na mama alipokuwa mdogo, kwa jinsi alivyoimba akiosha vyombo hadi majirani wakapunguza redio. Mimi nilipofuata nyuma yake nikaimba pia, na mama, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kubembeleza. Akaniita Debe. Shuleni mwalimu wa kwaya alinisimamisha mstari wa nyuma akaniambia, "Wewe fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako." Nilifungua mdomo tu kwa miaka yote ya kwaya, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilikuwa na sauti moja, nzito, haipandi wala haishuki. Nyumbani wakitaka kucheka walinibembeleza niimbe. Nikazoea, nikaacha kabisa kuimba, hata bafuni.

Basi nikawa mtu wa kumimina, na nilimimina vizuri. Mteja wangu hakungoja bia yake, wala hakupewa glasi yenye alama ya midomo ya mtu mwingine.

Sasa, kuna jambo moja linalofanyika kwetu ambalo hutalikuta hotelini. Wimbo wa kwanza wa Jumapili, ubeti wa kwanza, dada huuimba peke yake bila chombo. Shemeji anashusha mikono. Mpiga besi anashusha mikono. Mpiga tumba anaikumbatia tumba yake. Mimi sifungui chupa hata mteja awe anakata roho kwa kiu, na wateja wa zamani wanawakanyaga wageni miguu wanyamaze. Dada anafumba macho, anainamisha kichwa kidogo upande wa kaunta, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka chumba cha pili, kisha anaanza. Anaanzia palepale kila Jumapili. Bendi ikimfuata kwenye ubeti wa pili, nyuzi za gitaa zinamkuta pale alipo, hajateleza hata chembe. Shemeji alikuwa akisema, "Mke wangu gitaa lake liko kichwani." Sote tuliamini hivyo, na yeye mwenyewe pia.

Mwaka uliopita akaota uvimbe shingoni. Daktari akasema lazima utolewe, na akasema tena, kwa upole, kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na hapo. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Upasuaji ulikwenda salama, lakini kwa miezi Kengele alinong'ona tu. Alikuwa akiita watoto wake kwa kupiga makofi. Bendi iliendelea bila mwimbaji, watu wakaja kwa heshima, wakanywa kwa heshima, wakaondoka mapema. Mimi nilikuwa nikiwahudumia na hasira nisiyojua nimwelekezee nani.

Kisha akaanza kuja asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Alisimama jukwaani bila maiki, mimi nikiosha glasi, na alitoa sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Sikugeuka kumtazama. Aliendelea hivyo wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Sauti ilikuwa imerudi. Haikuwa ile ya kengele. Ilikuwa imeshuka, ina mkwaruzo pembezoni, na ilinipita kifuani ikaacha baridi.

Alikuja kaunta akanywa maji ya uvuguvugu. "Jumapili naimba," alisema.

"Daktari kasemaje?"

"Daktari hajui kuimba. Sikiliza, Debe. Naanza na ubeti wangu vilevile, peke yangu. Nikiushindwa, nashuka na sipandi tena. Sitaki kupigiwa makofi ya kuonewa huruma. Nimeshamwambia na shemeji yako."

Nilimjua. Akisema hapandi tena, hapandi, hata mumbebe. Nikaenda nyuma nikakaa juu ya kreti, nikafikiri nimpe nini dada yangu kwa siku hiyo.

Hapo ndipo nilipolikumbuka friji.

Friji letu tulilirithi pamoja na chumba. Lilikuwa kubwa kama kabati la nguo, limeota kutu miguuni, na lilinguruma mchana kutwa bila kupumua. Wateja walilibandika jina la Mzee. Mngurumo wake uliingia kwenye mbao za kaunta, ukanipanda viganjani, na glasi za rafuni ziligongana meno hata nikazitandikia kitambaa. Nililitukana kila siku ya maisha yangu ya kazi. Nikasema moyoni, siku ya dada yangu haitaharibiwa na Mzee. Atapata ukimya anaostahili.

Jumamosi fundi wa mafriji akaja na jipya, jeupe, lenye mlango wa kioo. Mzee akapakiwa kwenye mkokoteni kwenda kuvunjwa vyuma. "Hili hata ukilala ubavuni kwake hulisikii," fundi alisema. Niliweka sikio, ni kweli. Nikamwekea soda ya baridi, na nilifunga mlango siku hiyo nikijipongeza.

Jumapili chumba kilijaa mpaka mlangoni. Mshona mapazia alileta viti vyake. Fundi wa saa, mteja wetu wa miaka mingi anayekaa chini ya nguzo ili asimwone mtu wala asionwe, alikuja amevaa koti. Dada alipopanda, kovu lake halikufunikwa na kitu. Watu walianza kupiga makofi, akainua kiganja wakaacha.

Shemeji akashusha mikono. Besi ikashuka. Tumba ikakumbatiwa. Mimi nikaweka kifungulio chini.

Dada akafumba macho, akainamisha kichwa upande wangu. Akangoja.

Nilidhani anavuta pumzi. Akazidi kungoja, na paji la uso likajikunja kidogo, kama la mtu anayepapasa swichi gizani mahali ilipokuwa jana. Kisha akaanza hivyo hivyo. "Fungua dirisha, niingie na jua..." Maneno matatu yalikwenda sawa, la nne likayumba, la tano likaanguka. Akanyamaza.

Shemeji hakustahimili, akagusa uzi mmoja wa gitaa kumpa pa kushika. Sauti ya uzi ikalia, ikafifia, ikaisha. Dada akaanza tena pale uzi ulipoishia, akafika mbali kidogo kuliko mara ya kwanza, kisha nikasikia sauti yake ikitafuta ukuta wa kuegemea isiuone. Mtu mmoja mlangoni akaanza kupiga makofi, yale yale ya kuonewa huruma. Fundi wa saa akamgeukia, yakakoma.

"Leo humu ndani mna kitu kimepungua," dada alisema, si kwenye maiki, kwa sauti ya kawaida tu. Hakuwa analia. Alikuwa ameanza kuutoa waya wa maiki mkononi alikoufunga, taratibu, na nilijua akimaliza kuufungua anashuka.

Mimi viganja vyangu vilikuwa juu ya kaunta. Nilivitazama kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Na ndipo nikahisi: mbao zilikuwa zimetulia. Glasi za rafuni zilikuwa zimetulia. Kaunta ile ilikuwa imekufa chini ya mikono yangu. Nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja, kichwa kilichoinamishwa upande wa kaunta, mahali anapoanzia, asubuhi zote zile za mazoezi: alikuwa akianzia kwenye mngurumo wa Mzee. Nilikuwa nimemchukulia dada yangu ardhi ya kusimamia, nikaipakia kwenye mkokoteni, tena kwa mapenzi.

Kumfuata yule fundi wa mafriji kusingesaidia. Waya ulikuwa umebaki mzunguko mmoja.

Sijui niseme vipi kilichofuata. Sikuamua. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwa Mzee miaka yote hiyo, mngurumo wake ukinipanda mikononi na kukaa mifupani, na nilipofumba mdomo na kuuita, ulikuja. Ulitoka kooni kwangu. Mzito, haupandi, haushuki. Ile sauti yangu moja, waliyonichekea nayo tangu utotoni, ndiyo ilikuwa ile.

Watu wa mbele waligeuka kunitazama, nami nilitamani kuingia chini ya kaunta, lakini sikuacha. Nilihisi kaunta ikianza kutetemeka chini ya viganja vyangu, au labda ni mimi niliyekuwa natetemeka. Pumzi ikaanza kuniishia, kifua kikauma, nikaona sasa inakatika. Kabla haijakatika, ikapokelewa. Fundi wa saa, huko chini ya nguzo, mtu asiyewahi kumsemesha jirani yake, alikuwa ameishika. Mshona mapazia naye akaishika. Wateja wa zamani mmoja mmoja, walioinywea bia zao sauti hiyo kwa miaka bila kujua kwamba wanaisikia, waliifahamu wote. Midomo imefumbwa, glasi zimetulia mikononi, chumba kizima kikanguruma. Nilivuta pumzi nikarudi ndani yake kama mtu anayerudi kitandani mwake.

Dada alikuwa ameinua kichwa. Macho wazi, waya unaning'inia. Alinitazama mimi, nyuma ya kaunta, Debe, na uso wake sijawahi kuuona hivyo, si siku ya harusi yake wala siku tuliyomzika mama. Kisha akafumba macho.

Nimesikia muziki mwingi katika kazi hii, na mwingi umepita huku nikihesabu chupa. Ule haukupita. Alipanda juu ya mngurumo wetu polepole, kwa ile sauti mpya yenye mkwaruzo, akaegemea, akaona inambeba, akazidi kuegemea. "Fungua dirisha, niingie na jua langu. Nimetoka mbali, sijachoka bado." Kengele ya zamani ilikuwa nzuri, wala sitaikana. Lakini hii ilijua kitu. Ilipita mahali palipokatwa na haikujificha, na kila ilipofika pale pa kukwaruza, nywele za mikono yangu zilisimama. Mwanamume mmoja aliyekaa kaunta aliisukuma glasi yake mbali kwa adabu, kama anayevua kofia. Nilijiona mdogo sana na nilifurahi kuwa mdogo, kwa sababu kilichokuwamo chumbani kilikuwa kikubwa na kilituenea wote.

Ubeti wa pili bendi ikaingia. Shemeji alikuwa akipiga huku machozi yanamchuruzika hadi kwenye mbao za gitaa, na nyuzi zikamkuta mkewe palepale.

Walipopumzika, dada alikuja kaunta. Nilimwekea maji ya uvuguvugu. Alipitisha mkono juu ya friji jipya, akaweka sikio, akacheka bila sauti.

"Kumbe Mzee," alisema. "Miaka yote nilijua natoa kichwani mwangu."

"Nisamehe, dada. Nilitaka upate ukimya."

"Ukimya nimeupata mwaka mzima, mdogo wangu. Nimeshiba."

Nilimwambia kesho asubuhi nitamfuata yule fundi, huenda hajamvunja Mzee, tumrudishe hata kama hana kitu ndani, angurume tu. Shemeji, aliyekuwa amemfuata, akasema neno lake la siku hiyo: "Wa nini?"

Kweli fundi hakuwa amelivunja. Katikati ya wiki alikuja mwenyewe kuuliza kama tunalitaka, maana habari ilikuwa imezagaa hadi gereji. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti, anamenya chungwa. Hakuinua hata macho. "Livunje tu," alimwambia.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa wengi zaidi, na wageni walikuwa wakinong'onezana kuhusu friji na kuchungulia nyuma yangu. Shemeji akashusha mikono, na wenzake pia. Nilikuwa nimebeba trei ya chupa, nikabaki nimesimama nayo katikati ya chumba, karibu na nguzo. Nilidhani labda safari hii ataanza mwenyewe, sasa kwa kuwa amejua.

Dada aliinamisha kichwa. Hakukielekeza kaunta. Alinitafuta kwa macho hadi akaniona.

"Weka trei chini," alisema kwenye maiki, mbele ya watu wote. "Nipe."

Nikaweka trei chini, nikampa.