Sungura wa Tumbo Moja

Mbinya wa Buruburu alikuwa mama wa kuogopa. Mtoto akikohoa, yeye tayari anaona jeneza. Mvua ikinyesha, anaona ukuta umelala. Binti yake Mbeti alipoleta mchumba nyumbani, Mbinya alimhoji kijana wa watu ukoo wa baba, ukoo wa mama, ukoo wa nyanya, mpaka kijana akaomba maji. Damu isije ikakutana na damu yake, alisema. Lakini hofu nayo ina macho ya upande mmoja, jamani. Sungura wake, pale nyuma ya nyumba, hakuwauliza chochote.

Na hao ndio waliomtia aibu. Kalunde, jike wake mweupe, alikuwa amezaa mara mbili. Vitoto vingine vilikufa vikiwa bado havina manyoya, na vilivyopona vikaota meno yaliyopishana kama mkasi mbovu, havikuweza kutafuna hata jani la sukuma. Mutie, mume wa Mbinya, mchonga vinyago, akaanza kukipima kizimba kwa macho.

"Mama Mbeti," akasema, "uzao wa tatu ukiharibika, hapa panakuwa karakana yangu. Na huyu Kalunde atakuwa mchuzi."

"Mchuzi ni wewe!" Mbinya akajibu. Kalunde alikuwa amelala kwenye kanga yake tangu udogoni.

Kesho yake akaenda duka la dawa za mifugo kumwona Perez, dada aliyesomea mambo ya wanyama. Alimkuta anakula chapati na maharagwe. Akaomba kitu cha kunyoosha meno ya vitoto vya Kalunde, sungura wake.

"Ngoja kwanza, mama. Baba ya hivyo vitoto ni nani?"

"Ni Musa, kakake Kalunde."

Perez akaacha kutafuna. "Kakake wa wapi?"

"Wa tumbo moja. Wanapendana, dada, hata hawapigani!"

"Sasa nitakunyoosha wewe, si meno." Perez akairarua chapati katikati. "Kila mtoto anachukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja, ukiwapima, wanalingana damu kama nusu hivi. Sasa ukiwaozesha wao kwa wao..." Akairarua ile nusu ikawa robo, akaiinua. "Mtoto wao, robo ya mwili wake amepewa kitu kilekile na baba na mama, kutoka chungu kimoja. Kikiwa kizuri, sawa. Kikiwa na kasoro, hakuna cha kuifunika. Na ukiendelea kuwaozesha ndugu kwa ndugu, hiyo robo inazidi kupanda."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mtafutie Kalunde dume asiye jamaa yake." Perez akaila ile robo.

Mbinya akaona hilo ni jambo dogo. Akamtia Kalunde kikapuni, kwa maana jike ndiye hupelekwa kwa dume, akaenda kwa rafiki yake Roseline, mtaa wa pili.

"Nina dume, tena mnene," Roseline akasema. "Lakini dada, umesahau? Si ni wewe uliniletea nilipojifungua Maurine?"

Mbinya akashika kiuno. Kweli kabisa! Desturi ya akina mama wa kanisa lao ilikuwa hivi: mwenzao akijifungua, anapelekewa sungura wawili, jike na dume, ili zawadi isikae mpweke. Nao huchukuliwa kiota kimoja, kwa sababu waliokua pamoja hawasumbuani. Mbinya ndiye aliyeianzisha. Naye Roseline aliwapa wengine, na hao wengine wakapokezana.

"Makadara je? Yule mama wa nyumba za reli?"

"Sungura wake nilimpa mimi."

"Na mwalimu wa kwaya?"

"Alipewa na mama wa reli."

"Woi, Roseline! Mimi nimejaza Jogoo Road yote ukoo mmoja!"

Roseline alicheka mpaka akaketi chini. Mbinya hakucheka. Alibeba kikapu akaenda hadi mtaa wa Pipeline, kwa Nuradin, muuza viatu aliyefuga sungura juu ya paa la ghorofa. Huyo si wa kanisa lao. Alipanda ngazi akihema, Kalunde naye akikwaruza kikapu.

"Karibu, mathe. Huyu ndiye dume wangu."

"Mama yake ni nani?"

"Mama yake?"

"Alitoka wapi? Na nyanya yake? Kuna mama yeyote wa Buruburu aliyekupa zawadi?"

"Mathe, huyu ni sungura, si mchumba!"

"Wewe jibu, kijana."

Nuradin akaapa kwamba dume yule alitoka kwa mkulima wa Kinangop, na kwamba mtu wa Buruburu hajawahi kumpa hata salamu. Wakakubaliana Nuradin alipwe kitoto kimoja cha kike. Kalunde akaingizwa kizimbani, na Mbinya akageuza uso kwa heshima.

Mwezi ulipopita, Kalunde alijaza kiota. Mbinya alisubiri vitoto vianze kula majani, huku yeye mwenyewe hali chochote. Siku vilipoanza, Mutie alivishika kimoja kimoja, akakipandisha kwenye mwanga, akafunua mdomo kwa kidole kilichozoea mbao. Vyote. Kisha akavirudisha polepole.

"Meno yamekaa sawa," akasema. "Basi. Nitachongea barazani."

Mbinya alitamani kumkumbatia, ila majirani walikuwa wanaona. Jioni Roseline akabisha hodi. Kuna mama amejifungua, kikundi kinataka jike na dume.

"Nawapa jike tu," Mbinya akasema.

"Mmoja? Dada, watu watasema umekuwa mchoyo!"

"Waseme. Dume wamtafute kwa watu wasionijua. Na kabla hajaingia kizimbani, wamuulize nyanya yake ni nani."