Chupa ya Kwenye Dashibodi

Pikapu ya chuo cha kilimo ilikuwa imeshapita geti na kushika barabara ya vumbi. Dereva akapiga breki kwa ajili ya kuku. Akapiga tena kwa ajili ya mbuzi. Mara ya tatu hapakuwa na kitu barabarani, labda kivuli cha wingu. Chuo kizima kilimwita Breki, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika.

"Breki, kwa mwendo huu tutafika kesho kutwa," alisema Daktari kutoka upande wa dirisha. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mimea, mdogo kwa umri, mkubwa kwa cheo, na mapajani alikuwa na orodha ya wakulima arobaini. "Watu wameshachimba mashimo, wananisubiri mimi tu."

"Bora tuchelewe na meno yetu yote mdomoni, Daktari."

Bi Kisu, aliyebanwa katikati yao, akacheka. Alikuwa msaidizi wa shambani wa chuo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya watu akikata sampuli za migomba, na kuwafundisha wakulima kujikinga na mnyauko, ule ugonjwa unaoingilia kidonda na kuuozesha mgomba kuanzia ndani. Kisu chake hakikutoka kiunoni, ndipo wakulima wakambatiza jina hilo. Na leo alikuwa na furaha isiyokaa kifuani, maana safari ilikuwa ya kwenda kwa mama yake mzazi.

Mvua zilipokatika miaka miwili mfululizo na mashamba ya jirani yakabaki vijiti, migomba ya mama yake ilisimama kijani kama haina habari. Chuo kiliipima, kikaipima tena, hakikuamini, kikaipima mara ya tatu. Sasa machipukizi arobaini yalikuwa yanakwenda kung'olewa pale na kupelekwa kwa wakulima arobaini, kila mkulima lake moja.

Breki akapiga breki nyingine. Chupa ya plastiki iliyokaa juu ya dashibodi, mahali pake pa siku zote, ikaruka, kifuniko kikafyatuka, maji yote yakammwagikia mapajani.

"Mama yangu wee! Suruali yangu ya bluu! Dada, hii si ile dawa yako ya kuua vijidudu? Ile inayokula rangi?"

"Ndiyo hiyohiyo. Pole, kaka yangu. Jifute upesi, utabaki na mabaka kama chui."

Breki akashuka, akajifuta na tambara la injini, akasimama kando ya barabara akiikodolea macho suruali yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuna kilichotokea. Wakaendelea na safari, suruali ikakauka, nayo bluu vilevile.

"Hii ndiyo suruali ya mwanaume!" akajigamba. "Dawa imenyoosha mikono."

Daktari alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye orodha yake. Bi Kisu hakucheka.

Dawa ile ilikuwa na kazi moja tu. Kisu kikishakata mgomba huu, kinachovywa humo kabla hakijaugusa ule. Na sharti lake, ambalo yeye mwenyewe alilipigia kelele vijijini mpaka sauti ikamkauka, ni kuichanganya upya kila asubuhi, kwa sababu jua huiua. Dawa nzima ingeitoa suruali rangi kabla Breki hajamaliza kulalamika.

Lini alichanganya mara ya mwisho? Hakukumbuka. Ikipungua alikuwa anaongeza maji, basi. Mwezi sasa, au zaidi. Hakuna aliyemuuliza. Nani angemuuliza Bi Kisu habari za usafi wa kisu?

Akaanza kurudi nyuma, shamba baada ya shamba, na kila shamba aliona mkono wake ukikata na kuchovya, ukikata na kuchovya, kwenye maji matupu. Akafika kwenye Jumanne moja, wiki nne zilizopita. Asubuhi ile alikata sampuli kwenye shamba lililokwisha kuugua, usaha wa njano ukamchuruzikia vidoleni. Alasiri akapitia kwa mama yake. Mama akamwambia, "Mwanangu, nitolee lile ua la mkungu wa pale jikoni, mimi sifiki." Ua lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu halikatwi kwa kisu. Linavunjwa kwa kijiti chenye panda, na hilo nalo alikuwa amelifundisha vijiji visivyo na idadi. Lakini kijiti kilikuwa kifupi, mvua ilianza kudondoka, na kisu kilikuwa kiunoni. Alikata mara moja tu.

"Mbona umepoa, Bi Kisu?" aliuliza Daktari.

"Kichwa kidogo."

"Ni furaha hiyo. Leo mama yako anakuwa mtu mkubwa."

Walipofika, mama yake Bi Kisu alikuwa amesimama uani na kanga mpya, amefagia mpaka njia ya kuingilia shambani.

"Karibuni, wakwe zangu! Leo nina harusi arobaini na sijapika kitu! Wewe dereva, mbona suruali imekunjamana hivyo, ndivyo mnavyokuja kuposa?"

"Mama, muulize mwanao, amenimwagia maji njiani."

Maji. Neno hilo lilimchoma Bi Kisu kuliko tusi. Alimwamkia mama yake bila kumtazama usoni.

Daktari alikuwa na desturi yake. Hakung'oa chipukizi hata moja kabla ya kukata kipande cha mgomba na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Kama kuna ugonjwa, nyuzi nyeupe hushuka kutoka kwenye kile kipande, taratibu, kama moshi uliogeuzwa juu chini. Dakika tano zinatosha. Mama akaleta glasi zake mbili za wageni, akazifuta kwa pindo la kanga.

"Kisu," alisema Daktari, mkono umenyooshwa.

Bi Kisu alishika mpini, akaganda. "Hakina makali. Tumia wembe wako."

"Wewe? Kisu chako hakina makali?" Daktari alimwangalia kidogo, akatoa wembe mpya mfukoni. Akachagua mgomba wa kando ya njia, mnene, mzuri. Bi Kisu aliangalia glasi kama mtu anayeangalia mlango wa chumba cha mgonjwa. Dakika moja. Tatu. Tano. Maji yalibaki maangavu, safi, matulivu.

"Safi kabisa!" alisema Daktari. Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Breki akatemea mate viganja, akanyanyua jembe.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kunyamaza. Angenyamaza tu, siku ingepita. Bi Kisu alijikuta anatembea kuelekea jikoni. Mgomba wa jikoni ulikuwa umesimama. Jani moja lilikuwa limevunjika katikati na kupauka ukingoni. Pale alipokata ua, kikonyo kilikuwa kimesinyaa, cheusi.

"Hilo jani ni upepo tu," mama alisema nyuma yake. "Ulivuma juzi. Njoo uone wanavyochimba."

Ni upepo. Inawezekana ni upepo. Aliusikia ulimi wake ukitaka kusema hivyo. Kisha akaona orodha mkononi mwa Daktari, majina arobaini, mashimo arobaini yaliyoachwa wazi yakisubiri.

"Breki, weka jembe chini!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Daktari, pima huu."

"Mmoja unatosha, dada. Tumechelewa."

"Huu niliukata mimi. Kwa kisu. Siku hiyohiyo nimetoka kwenye shamba la usaha. Na ile chupa haina dawa, Daktari. Ni maji. Muulize Breki suruali yake."

Breki aliitazama suruali yake, akavua kofia. Daktari akatoa wembe mwingine. Akakata kipande, akakitia kwenye glasi ya pili, akaiweka juu ya kigoda cha mama. Wote wanne wakainama. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, na Bi Kisu akathubutu kuvuta pumzi. Ya tatu, uzi mweupe mwembamba ulijitokeza, ukashuka, ukajikunja chini ya glasi. Ukafuatwa na mwingine.

"Huo moshi ni wa nini kwenye maji?" mama aliuliza. Aliwatazama usoni mmoja mmoja. "Semeni basi. Ni wa nini?"

"Ni mimi, mama," alisema Bi Kisu.

Migomba yote ya mama yule ilikatwa na kufukiwa wiki ileile, ya kando ya njia na ya jikoni, maana hakuna aliyejua ugonjwa umefika wapi. Breki ndiye aliyechimba, siku tatu, akiwa na suruali ileile. Bado anaendesha pikapu. Chuo kilirudi kwenye mashamba yote aliyopita Bi Kisu mwezi ule, mashamba ishirini na sita, na saba yalikutwa na mnyauko. Wakulima arobaini walifukia mashimo yao, wengi wakapanda mihogo. Daktari alikuwa na vichupa tisa vya miche midogo ya migomba ile aliyoiotesha maabara mwaka wa nyuma. Miche ya vichupa sita ilioza, ya vitatu iko hai, na haijatoka nje ya kioo. Bi Kisu hakufukuzwa. Alitolewa shambani, sasa anaosha vyombo vya maabara, na kila asubuhi anachanganya dawa na kuidondosha kwenye kitambaa cheusi kabla hajaanza kazi. Mama yake alikaa miezi minne bila kupokea simu yake. Mwezi wa tano alipokea. Analima viazi vitamu, na zile glasi mbili amezitupa chooni.