Mtu wa Kipimo

Jana mchana usingizi ulinikamata kazini, shavu langu likiwa juu ya mchoro wa maktaba ya Sumbawanga, na huko ndotoni nikaambiwa kwamba mtu wa kipimo ameacha kazi.

Aliyenipa habari ni mshale wa kaskazini, yule tunayemchora kwenye kona ya kila karatasi. Alisema bila kunigeukia, kwa sababu hawezi kugeuka.

Mtu wa kipimo ni yule anayechorwa kando ya jengo ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Ofisi yetu ina mmoja tu. Nilimchora mwaka wangu wa kwanza, miaka kumi na saba iliyopita, nikimwiga Mama mdogo Yustina aliyenilea kule Sumbawanga: kitenge, kikapu, ndala, shingo imeinama kidogo. Tangu hapo nimemweka kwenye kila jengo la Bi. Adelina Rwegoshora, msanifu wetu, ambaye dunia nzima inamwita aisanifie majengo: makumbusho ya Rotterdam, stesheni ya Busan na mengine mengi. Bi. Adelina ana sharti moja, kwamba mtu asizibe jengo. Basi Mama mdogo husimama nje, pembeni, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Kesho saa tatu waamuzi wa shindano wanaangalia michoro," mshale akasema. "Bila mtu, Sumbawanga hawapati maktaba."

Niliogopa kweli. Mji ule haujawahi kuwa na maktaba ya maana, na mimi ndiye niliyeomba tushindanie kazi hiyo.

Tunaondoka kumtafuta, mimi na mshale. Kwenye ukingo wa karatasi pana bango la kipimo cha mchoro, limeandikwa moja kwa mia, na mlinzi anahakikisha kila anayepita analitii. Ananipunguza mpaka nisifike hata sentimita mbili. Shati nalo linapungua, namshukuru.

Rotterdam iko jirani tu, kwa sababu michoro yote inakaa kwenye droo moja. Mzee mwenye koti refu amelishika jumba la makumbusho kiganjani, analigeuzageuza.

Ananiuliza lina ukubwa gani. Namwambia mtu wake hayupo, kwa hiyo hakuna anayejua. Anafikiri kidogo, anatikisa kichwa, analitia mfukoni. Nataka sana kujua picha zilizomo zimekuwaje, lakini mshale ananivuta.

Busan mambo yamekwenda kinyume. Stesheni imevimba kupita mji, na abiria wanatembea siku nne kuifikia treni. Wengine wamepanda maharage njiani. Nauliza kama yanastawi. Wanasema yanastawi vizuri, kwa kuwa paa linaingiza mwanga, na wanampa pole mshale kwa kazi yake ya kusimama.

Kisha karatasi inageuka, na tuko Sumbawanga, mbele ya maktaba ambayo bado haijajengwa. Mama mdogo yuko hapo, amekishusha kikapu chini.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba. Umekuwa mfupi."

Nikamweleza shida yangu yote, waamuzi, saa tatu, maktaba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza ndani ya makumbusho ya Rotterdam kukoje. Nikamwambia kuna ngazi inayozunguka bustani. Akauliza Busan. Nikamwambia asubuhi jua linashuka mpaka sakafuni kwa mistari. Akaendelea kuuliza jengo baada ya jengo, kwa hamu, akitaka kujua viti ni vya mbao au vya chuma, na mimi nilijibu nikijisifu kidogo, mpaka nikatambua kwamba hajawahi kuingia hata kwenye moja.

"Nimepiga hodi Rotterdam," akasema. "Nimepiga hodi Busan. Miaka kumi na saba, hakuna anayeitikia."

Nikajitetea kwamba majengo hayajui kuitikia hodi.

"Na wewe je, mwanangu?"

Hapo nikaona aibu. Mama mdogo mwenyewe, yule wa kweli, hajawahi kukanyaga kwangu Dar es Salaam. Kila mwaka nasema nyumba bado haijakaa sawa.

Mshale akanikumbusha kwa upole kwamba Mama mdogo akiingia ndani, nje hatabaki mtu, na jengo litakosa ukubwa kama yale mengine. Nilijua hivyo. Mama mdogo akajitwisha kikapu, akasogea zile hatua mbili.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mama mdogo," nikasema. "Karibu ndani."

Nikaamka. Bi. Adelina alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akiuliza nimempeleka wapi mtu wa kipimo. Mahali pake karatasi ilikuwa nyeupe, haina hata alama ya kifutio. Akanionyesha vidoa viwili mbele ya mlango wa maktaba, akaniambia niutoe huo uchafu.

Nikachukua lenzi. Zilikuwa ndala mbili, zimepangwa sambamba, visigino vikielekea nje.

Nikampa lenzi. Bi. Adelina akatazama kwa muda mrefu, akachukua rula, akapima moja.

"Milimita mbili na nusu," akasema. "Moja kwa mia, ni mguu wa mtu mzima."

Akainua macho akautazama mlango, halafu ukuta, halafu paa, akihesabu kimoyomoyo kutoka kwenye ile ndala.

"Usifute," akasema, na sauti alikuwa ameishusha.