Tairi la Kushoto

Trekta liliwaka bila shida, lakini Ambakisye alipotia gia halikusogea. Tela lililokuwa nyuma yake lilikuwa limejaa magunia ya mpunga waliyokwisha kuyabeba hadi pale. Mengine yalikuwa bado shambani, kule bondeni ambako maji ya mto hufika kwanza, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi yakaificha milima ya ng'ambo ya ziwa.

"Ni mkanda," alisema akishuka. "Umelegea."

Mkewe, Tusajigwe, alisogea kutazama. Mkanda ule walikuwa wameufunga asubuhi hiyo hiyo, upya kabisa, yeye akimshikia spana.

Lilikuwa trekta dogo la zamani, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata nyasi kwenye bustani ya meneja wa shamba moja la chai huko Tukuyu. Ambakisye alilichukua likiwa bovu, akalifungua lote, akalifufua, akaliundia tela. Watu wa kijiji chao, Njisi, walicheka walipoliona mara ya kwanza, kisha wakaanza kuja kuomba liwabebee ndizi na kakao. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa.

Lazaro, jirani yao aliyekuja kusaidia kupakia, aliinama akachungulia chini.

"Mkanda hauna shida, kaka. Tazama, unazungusha puli vizuri. Mimi naogopa giaboksi ndiyo imekufa."

"Haijakufa. Tufunge mkanda mwingine."

"Baba Kisa," Tusajigwe alisema polepole, "tumeufunga leo asubuhi."

Ambakisye alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akacheka kidogo. "Ndiyo. Asubuhi." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kulegeza bolti ya mkanda.

Tusajigwe aliushika ule mkono akautoa pale taratibu. Alijua namna mumewe alivyokuwa akitafuta ubovu: huanza kwenye injini, akafuata nguvu inakopita, mkanda, puli, giaboksi, ekseli, mpaka afike pale inapopotelea. Alikuwa amemsikia akiyasema hayo miaka yote, na leo hakuyasema.

"Panda utie gia tena," alimwambia. "Mimi nitaangalia huku nyuma."

Alipanda. Tusajigwe alichuchumaa kando ya tairi la kulia, hakuona kitu. Akahamia la kushoto. Pale katikati ya tairi, ncha ya ekseli ilikuwa inazunguka kwa kasi, na tairi lenyewe limesimama kimya.

"Zima," alisema.

Lazaro aliinua upande ule kwa mti mrefu, wakasukumia matofali chini yake, wakalichomoa tairi. Kwenye ekseli kuna mfereji, na ndani ya mfereji ule hukaa kichuma kidogo kinachoshikanisha ekseli na tairi ili vizunguke pamoja. Mfereji ulikuwa mtupu. Haukuwa umelika wala kuvunjika. Ulikuwa safi, umepakwa grisi mpya.

"Nani alilitoa tairi hili?" Lazaro aliuliza.

Ambakisye alikuwa amelitoa kupaka ekseli grisi siku chache nyuma, peke yake, huku akiimba nyimbo za kwaya, na tangu siku hiyo trekta lilikuwa halijasogea pale. Sasa alisimama akiupapasa mfuko wa koti. Akatoa kichuma kidogo kilichong'aa kwa kushikwashikwa, akakiweka kiganjani.

"Mama Kisa, hiki ni cha nini?" aliuliza. "Natembea nacho tu."

Tusajigwe alikichukua, akageuka upande wa mgomba, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Lazaro alimfuata. "Nilidhani unajua," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mwezi uliopita nilimkuta pale njia panda. Aliniuliza nyumbani kwake ni wapi. Nikamleta, nikaona aibu kukwambia."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia. Nisamehe, dada."

Kichuma kiliingia kwenye mfereji kwa mapigo mawili ya nyundo. Walirudisha tairi, wakakaza, wakayaondoa matofali. Ambakisye alipotaka kupanda, mkewe alikuwa ameshakalia kiti.

"Leo naendesha mimi. Wewe kaa na Lazaro kwenye magunia."

Alitarajia ugomvi. Ambakisye alisimama kitambo ameshika usukani, kisha akauachia.

Safari ya kwanza ilifika salama. Ya pili mvua iliwakuta njiani, na magunia yaliyosalia shambani hawakuyafikia, maji yaliyawahi. Lazaro alishuka akiwa amelowa chepechepe, akasema "ndaga fijo" ingawa yeye ndiye aliyestahili kushukuriwa, akaenda zake.

Barazani, Tusajigwe alimwagia mumewe maji ya kunawa. Ambakisye alinawa muda mrefu, akikwangua grisi kwenye kucha.

"Si mara ya kwanza, sivyo?" aliuliza.

"Nini?"

"Usinifiche. Mambo yananipotea. Juzi kanisani nilimshika mkono mtu tuliyekua naye, jina lake silijui. Nikasema ni uzee. Lakini lile tairi... Lingechomoka wewe ukiwa umekaa juu ya tela."

Tusajigwe alikaa chini kando yake. Alitaka kusema si kitu, kila mtu husahau, lakini akavuta ncha ya kitenge akamfuta mikono.

"Kesho twende mjini kwa Kisa," alisema. "Atatupeleka hospitali."

"Wakisema ugonjwa huu hauponi?"

"Basi tutajua."

Ambakisye alitikisa kichwa kukubali. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi ainame karibu na sikio la mkewe ili asikike. "Kisa mwambie wewe," alisema. "Mimi nikianza, nitaishia katikati."